Simba wa Tsavo, miwani ya karatasi na mbao ya kibandani: Safari ya sinema za 3D hadi mtaani

Kuna picha moja maarufu sana duniani ambayo pengine umeshaiona mitandaoni bila kujua kwamba inatuhusu. Ukumbi umejaa Wazungu waliovalia nadhifu, wanaume kwa tai, wanawake kwa mavazi ya kutokea, na kila mmoja amevaa miwani ya karatasi usoni. Wote wanatazama mbele, wametulia kama watu waliotiwa dawa. Picha hiyo ilipigwa na J. R. Eyerman wa jarida la Life, Hollywood, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1952. Imetumika kwenye majalada ya vitabu, mabango na vichekesho vya mtandaoni visivyohesabika.

Swali ambalo watu huwa hawaulizi ni hili: wasee hao walikuwa wanatazama nini?

Walikuwa wanatazama Kenya. Filamu yenyewe inaitwa Bwana Devil, neno moja letu na lingine lao, na ndiyo filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya 3D kutoka Marekani. Ilizinduliwa Novemba 26, 1952. Hadithi yake ni ya wale simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakila wafanyakazi wa reli mwaka 1898. Reli hiyo ya zamani, katika safari yake ya kutoka Mombasa kuelekea Kisumu, ndiyo inayokata Kibera leo, ile ambayo mama mboga hutandaza bidhaa zake kandokando yake na watoto huipita wakienda shule.

Kwa hivyo mtu akikwambia 3D ni mambo ya watoto wa mababi wa Westlands, mwambie aende polepole. Kwenye historia ya 3D, sisi tuko tangu mwanzo. Shida ni kwamba tulikuwa kwenye skrini tu. Kwenye viti hatukuwepo.

Macho mawili, picha mbili

Kabla hatujafika mbali, tuelewane kuhusu jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo usiogope, hapa hakuna hesabu.

Simama nje ya nyumba. Inua kidole gumba mbele ya uso, kielekeze kwenye ule mlingoti wa taa ya mulika mwizi. Funga jicho la kushoto. Sasa lifungue, ufunge la kulia. Umeona kidole kimeruka upande? Hakijaruka popote. Macho yako yametengana kwa takribani sentimita sita na nusu, kwa hivyo kila jicho linaona dunia kwa pembe yake. Ubongo unachukua picha hizo mbili, unazilinganisha, na kutokana na tofauti hiyo ndogo unajua kidole kiko karibu na mlingoti uko mbali. Hicho ndicho tunachokiita kina.

Mwingereza mmoja, Charles Wheatstone, alilieleza jambo hili mbele ya wanasayansi wa London mwaka 1838. Alitengeneza kifaa chenye vioo viwili na michoro miwili inayotofautiana kidogo, mmoja kwa kila jicho. Ukichungulia, michoro miwili bapa inageuka kitu kimoja kilichosimama. Angalia mwaka huo vizuri. Upigaji picha wenyewe ulikuwa bado haujatangazwa rasmi kwa dunia. Sinema ilikuwa bado zaidi ya miaka hamsini mbele. Yaani wazo la 3D ni kongwe kuliko sinema yenyewe.

Kuanzia hapo, kila mvumbuzi wa 3D amekuwa akipambana na swali lilelile: nitafanyaje ili jicho la kushoto lione picha yake, na la kulia lione yake, wakati watu mia tano wanatazama skrini moja?

Jibu la kwanza lilikuwa rangi. Picha moja inatiwa nyekundu, nyingine kijani au samawati, na miwani yenye vioo vya rangi hizo inachuja. Filamu iliyoitwa The Power of Love ilionyeshwa kwa njia hiyo Los Angeles Septemba 1922, nayo ndiyo inayohesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya 3D kuonyeshwa kwa watu waliolipa kiingilio. Leo haipatikani tena, imepotea. Mwaka 1935, Louis Lumière, mmoja wa wale ndugu wa Ufaransa walioanzisha sinema, aliwaonyesha wanasayansi wa Paris toleo la 3D la ile filamu yao maarufu ya garimoshi likiingia stesheni.

Jibu la pili lilitoka kwa Mmarekani Edwin Land, mwanzilishi wa kampuni ya Polaroid, ambaye pia hakumaliza chuo kikuu. (Naam, nimeona vyema kulitaja hilo.) Aligundua namna ya kutengeneza kwa bei nafuu vichujio vinavyopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu. Sasa hukuhitaji kuharibu rangi za filamu. Watu wengi hudhani miwani ya ile picha ya Life ilikuwa nyekundu na samawati. La. Ilikuwa ya Polaroid.

Simba mapajani mwako

Miaka ya hamsini mapema, Hollywood ilikuwa na presha. Televisheni ilikuwa imeingia majumbani na watu hawakuona sababu ya kulipa nauli na kiingilio. Studio zilihitaji kitu ambacho TV ya sebuleni haingeweza kukupa. Hapo ndipo Arch Oboler, mtu wa michezo ya redio, alipoingia na simba wake. Matangazo ya Bwana Devil yaliahidi kwamba simba atakurukia hadi mapajani.

Wakosoaji waliiponda vibaya. Watu wakapiga foleni vilevile. Na sehemu kubwa ya hiyo "Kenya" ilikuwa milima ya California, karibu na Los Angeles.

Weka tarehe kando kwa kando uone. Filamu ilitoka Novemba 26. Zaidi tu ya mwezi mmoja kabla yake, Oktoba 20, 1952, serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari Kenya na kuanza kukamata viongozi wetu, Jomo Kenyatta akiwemo. Wakati watu wa Los Angeles wanaruka vitini kwa kuogopa simba wa Tsavo, huku nyumbani milango ilikuwa ikibishwa usiku na askari. Kenya iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa na kina. Kenya yenyewe haikuonekana.

Hata hadithi ya simba wenyewe ina shimo. Luteni Kanali John Henry Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja la Tsavo na kuwaua simba hao Desemba 1898, aliandika kitabu mwaka 1907. Humo anataja idadi ya vibarua Wahindi walioliwa: 28. Waafrika je? Anasema walikuwa wengi, ila hakuna rekodi rasmi iliyowekwa. Yaani Mhindi kibarua, ambaye naye alinyanyaswa, angalau alihesabiwa. Babu zetu hawakuhesabiwa. Baadaye Patterson alitaja jumla ya watu 135. Wanasayansi waliochunguza nywele na mifupa ya simba hao walikadiria mwaka 2009 kwamba waliwala watu wapatao 35. Ngozi zenyewe Patterson aliziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, mwaka 1924 kwa dola 5,000, na simba wako huko hadi leo, wamejazwa, wanatazamwa na watoto wa shule wa Marekani.

Mwenye jicho moja

Baada ya simba, mafuriko. Mwaka 1953 studio kubwa zote zilikimbilia 3D. Filamu iliyotia fora zaidi ilikuwa House of Wax ya Warner Bros. Aliyeiongoza, André de Toth, alikuwa na jicho moja tu. Hakuweza kuona hata sekunde moja ya 3D aliyoitengeneza, na bado wengi wanasema hakuna aliyemshinda kwa enzi hizo.

Lakini kufikia 1954 moto ulikuwa umeanza kuzima. Sababu haikuwa watu kuchoshwa na simba. Ilikuwa mambo ya ufundi. Filamu moja ilihitaji projekta mbili zinazoenda sambamba kabisa. Mkanda mmoja ukikatika na fundi akaondoa vipande viwili kuuunganisha, ilibidi aondoe vipande vilevile kwenye mkanda wa pili, la sivyo jicho moja linatangulia jingine na ukumbi mzima unatoka ukishika kichwa. Kumbi nyingi hazikuwa na fundi wa kiwango hicho. Wakati huohuo ikaja CinemaScope, skrini pana isiyohitaji miwani yoyote. Mechi ikaisha. Hata Dial M for Murder ya Alfred Hitchcock, iliyopigwa kwa 3D, sehemu nyingi ilionyeshwa bapa.

Ilijaribu kurudi miaka ya themanini, ikileta papa wa Jaws 3-D mwaka 1983, na India ikatoa filamu yake ya kwanza ya 3D, My Dear Kuttichathan, mwaka 1984. Ikazima tena. Kilichoirudisha kwa kishindo ni kompyuta. Projekta ya dijitali inaweza kurusha picha ya kushoto na ya kulia kwa zamu, haraka mno kiasi kwamba macho hayang'amui, kwa mashine moja tu. Hakuna mikanda, hakuna kukatika. Desemba 2009 James Cameron akatoa Avatar, ikavunja rekodi zote za mapato, na kumbi kote duniani zikakimbia kununua mitambo.

Kutoka Mama Ngina hadi mabati

Nairobi haikubaki nyuma. Ukumbi wa 20th Century pale Mtaa wa Mama Ngina, ambao wazee wetu waliujua tangu zamani, uligeuzwa kuwa IMAX mwaka 2012. Kumbi za kwenye maduka makubwa nazo zikaingia. Ukitoka Kawangware unaweza kutembea kwa mguu hadi Junction, Barabara ya Ngong, ambako kuna sinema.

Kutembea ndiyo sehemu rahisi. Kiingilio cha 3D, kabla hata hujanusa popcorn, kinameza pesa ambazo zingekupeleka kibandani kwa wiki kadhaa. Na hilo ndilo jambo ambalo makala nyingi za teknolojia hazigusi: sinema ya mtaani kwetu iko pale kwenye mabati.

Unakijua kibanda. Gatwekera, Lindi, Laini Saba, au ukiwa Kawangware, pande za Gatina, Kabiro na Congo. Ubao wa chaki nje wenye mechi za Ligi Kuu ya Uingereza upande mmoja na muvi upande wa pili. Pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga na watazamaji wa bure. Mabenchi, TV kubwa, spika zinazotikisa bati. Unatoa mbao, wakati mwingine chini ya hapo, unaketi. Kisheria mwenyewe anahitaji leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, na hilo nalo ni gharama.

Muvi zenye majina makubwa ya 3D hufika hapa, ila hufika zikiwa bapa. Kuna wale wanaopakua faili ya 3D kwa bahati mbaya, wakiiwasha wanaona picha mbili kando kwa kando, waigizaji wamebanwa wembamba kama spageti. Kibanda kizima kinapiga mayowe: "Buda, rudisha pesa!" Faili haina kasoro yoyote. Picha ya kushoto iko kushoto, ya kulia iko kulia, inasubiri TV inayojua kuzitenganisha.

Hata hivyo sitakubali mtu aseme kibandani hakuna kina. Mtaani tulijitengenezea 3D yetu, na jina lake ni DJ Afro. Kama umekulia mtaa wowote wa Nairobi, sauti hiyo unaijua hata ukiwa usingizini. Anachukua muvi ya Kihindi au ya kung-fu, anawapa waigizaji majina, anakueleza adui anawaza nini, anacheka kabla yako, anakuonya kabla ya ngumi kutua. Tanzania walikuwa na marehemu Lufufu, Uganda wana akina VJ Jingo. Hollywood ilitumia projekta mbili na miwani ili mtazamaji ahisi yumo ndani ya filamu. Hawa walitumia maikrofoni.

Ladha ya hilo inazidi ukijua wakoloni walituonaje. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, uliotengeneza filamu za mafunzo Tanganyika na kuzizungusha Afrika Mashariki kwa lori. Enzi hizo, na miaka iliyofuata, watengenezaji wa filamu wa serikali ya Uingereza waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwamba anahitaji filamu za polepole, nyepesi, zisizo na ujanja. Ningependa mmoja wao aketi kibandani Jumapili jioni asikie watoto wa darasa la sita wakimchambua Jackie Chan pigo kwa pigo.

Imerudi kweli, au ni kelele?

Tuwe wakweli. Baada ya Avatar studio zilitamani hela za haraka. Filamu zilizopigwa kawaida ziligeuzwa 3D kwa kompyuta dakika za mwisho, zikatoka na giza na kuumiza kichwa. Watu wakachoka. TV za 3D zilizoingia madukani mwaka 2010 ziliachwa kutengenezwa na kampuni kubwa kufikia 2017. Hakuna aliyetaka kutafuta miwani chini ya kochi kila anapotaka kutazama habari.

Kisha Desemba 2022 Cameron akarudi na Avatar: The Way of Water, ikapata zaidi ya dola bilioni 2, na watu wengi walichagua kuitazama kwa miwani. Mwendelezo wake, Fire and Ash, ukafuata Desemba 2025. Kwa upande mwingine kuna vifaa vya kuvaa kichwani, kama Quest ya Meta na Vision Pro ya Apple iliyotoka 2024, ambavyo huonyesha picha tofauti kwa kila jicho. Wheatstone angeviona angecheka: ni kile kifaa chake cha 1838, kimewekewa chaji tu.

Maoni yangu? 3D haijawahi kufa na haijawahi kushinda. Inakuja pale mtu mwenye subira anapoitengeneza vizuri, inaondoka pale wauzaji wanapoitumia kama kiki. Ila safari hii kuna tofauti moja inayotuhusu. Zamani kupiga 3D kulihitaji kamera mbili za uzito wa jiko. Leo kunahitaji simu.

Jaribu mwenyewe, bila ngiri

Tafuta kitu chenye umbo, mfano jiko la makaa mbele ya duka na watu nyuma yake. Simama, uzito wote kwenye mguu wa kushoto, piga picha. Bila kugeuza simu, hamisha uzito kwenye mguu wa kulia ili simu isogee kama sentimita sita, piga ya pili. Hakikisha hakuna kilichosogea katikati, la sivyo kitu hicho kitakuwa mzimu.

Kuna programu za bure za kuunganisha picha hizo mbili kuwa moja ya nyekundu na samawati. Miwani usinunue. Kata fremu kwenye boksi la unga au la viatu, bandika nailoni ya rangi ya kufungia zawadi: nyekundu jicho la kushoto, samawati la kulia. Kama rangi ni hafifu, kunja mara mbili. Waite majirani. Mtoto wa kwanza akinyoosha mkono kutaka kushika jiko ambalo halipo, umefaulu.

Na mwenye kibanda anayesoma hapa: zile TV za LG za miaka hiyo zilizotumia miwani myepesi isiyo na betri, ukibahatika kupata moja ya mtumba iliyo nzima, itazitenganisha zile picha mbili za spageti. Miwani yake ni ya aina ileile inayotumika kwenye kumbi nyingi, na ni plastiki ya bei rahisi. Ioshe tu kila baada ya shoo. Magonjwa ya macho hayana mchezo.

Tukiwa kwenye macho, hili usilipite. Katika kila kikundi nilichowahi kuonyesha picha hizi, huwa kuna mmoja anayesema, "Mimi sioni kitu." Wenzake humcheka. Usimcheke. Kuna watu ambao macho yao hayafanyi kazi pamoja, kwa sababu ya makengeza au jicho moja kuwa dhaifu, na wengi hawajui kwa kuwa hawajawahi kuona tofauti. Kwa mtu mzima mara nyingi si dharura. Kwa mtoto ni habari kubwa, kwa sababu jicho dhaifu hutibika vizuri zaidi akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka saba hivi. Ikiwa mdogo wako amevaa miwani yako ya boksi na bado anaona ukungu wa rangi tu, mpeleke kliniki ya macho akapimwe. Miwani ya nailoni si daktari, lakini inaweza kukufanya uulize swali ambalo hukuwa umeuliza.

Hadithi zipo, vichwa vipo

Kibera haijaanza kutengeneza filamu jana. Kibera Kid ilitoka 2006 ikiwa na watoto wa mtaa wenyewe, Shirika la Hot Sun likaanzisha shule ya filamu papa hapa, na Tamasha la Filamu la Mitaa ya Mabanda, Slum Film Festival, lilianza mwaka 2011 likileta skrini Kibera na Mathare. Vijana wanaojua kushika kamera, kurekodi sauti na kuhariri kwenye laptopu iliyochoka wapo tele.

Kwa hivyo hoja yangu ni fupi. Mwaka 1952 mtu alichukua hadithi yetu, akaipiga California, akaipa jina la nusu Kiswahili, akawauzia watu miwani.  Miaka zaidi ya sabini imepita. Vifaa viko mfukoni mwako, na reli inapita nyuma ya nyumba.

Nataka kuona hadithi ya Tsavo ikisimuliwa upya na kijana wa Laini Saba au wa Kabiro, kwa pande tatu, upande wa wale waliokuwa ndani ya hema na si upande wa aliyeshika bunduki. Izinduliwe kibandani, kiingilio mbao, na DJ Afro akipenda aweke sauti. Miwani tutakata wenyewe.